Nyundo ya Cannon Street

Ukitoka kituo cha Cannon Street na kuvuka barabara, utaona jiwe la chokaa limewekwa ukutani nyuma ya kioo, kwenye jengo namba 111. Ndilo London Stone. Tulikuwa tumelipita mara nyingi tukikimbilia basi, bila kujua kwamba mwaka 1671 miwani ilipondwapondwa juu yake.

Habari hii tuliipata kwa sababu ya mwenzetu mmoja. Anasomea uhandisi wa vifaa vya tiba, na siku moja alikuja klabuni na fomu ya kujiunga na chama cha wataalamu wa fani yake. "Nilipe ada nipate nini? Kadi?" Hatukuwa na jibu, tukaanza kupekua historia ya watengeneza miwani wa London. Miwani nayo ni kifaa cha tiba, tena cha zamani.

Mwaka 1629 Mfalme Charles wa Kwanza aliwapa mafundi hao hati ya kifalme, wakawa chama rasmi chenye mamlaka juu ya kazi yao. Miaka 42 baadaye ikapatikana miwani dazeni 22, yaani 264, ambayo vioo na fremu zake vilikuwa vibovu, haifai kuuzwa. Baraza la chama likatoa hukumu: ivunjwe yote. Wakaibeba hadi kwenye jiwe lile, wakaipiga nyundo mpaka ikawa vipande. Moto Mkuu wa 1666 ulikuwa umeteketeza mji miaka mitano tu kabla, na jiwe lenyewe lilikuwa limebaki kipande.

Kwa nini barabarani? Wangeweza kuivunja uani kwao kimyakimya. Sisi tunadhani walitaka mnunuzi aone. Wakati ule mtu alijijaribishia miwani mwenyewe dukani, akachukua ile iliyompa nafuu. Hakuwa na njia ya kujua kama kioo kimesagwa vizuri. Mama wa mmoja wetu, aliyeko Mombasa, hununua miwani ya kusomea kwa mchuuzi kwa mtindo huohuo, kisha hulalamika kichwa kinamuuma. Kwa mteja wa namna hiyo, jina la chama lilisimama mahali pa ujuzi asiokuwa nao.

Tusiwasifu kupita kiasi, lakini. Chama kinachoweza kuvunja bidhaa mbovu kinaweza pia kumbana mshindani, na kila dazeni iliyopondwa ilikuwa hasara ya mtu. Hapa tulibishana mpaka wahudumu wa mkahawa wakaanza kupanga viti juu ya meza.

Kilichombadilisha mawazo mwenzetu, hata hivyo, hakikuwa nyundo. Ulikuwa mtihani. Mwaka 1898 chama hichohicho kilianza kuwatahini wapima macho, na hakuna sheria iliyowalazimisha kuufanya. Walikaa chumbani wakaulizwa maswali. Bunge lilichukua miaka 60 kuwafikia: sheria ya 1958 ndiyo iliyoanzisha baraza la kitaifa na daftari la wanaoruhusiwa kupima macho.

Fomu ameijaza. Sasa anatafuta wanachama wawili wa kumdhamini, na kati yetu hakuna hata mmoja anayefaa.