Kuchora majengo kwa mkono: Kanuni chache zinazomfunza mtu kuona

KATIKA enzi hii ambapo simu ya mkononi hunasa picha ya jengo kwa kufumba na kufumbua, nayo kompyuta huchora nyumba nzima kabla ya msingi kuchimbwa, huenda wengi wakajiuliza kuna haja gani ya mtu kuketi barazani na penseli akichora ukuta kwa mkono, bila rula wala mashine.

Jibu ni kwamba kamera hunasa kila kilicho mbele yake bila kuchagua, ilhali mkono hauwezi kuchora vyema kitu ambacho jicho halijakielewa. Anayechora mlango sharti atambue kimo chake ni mara ngapi ya upana wake, kizingiti kimeegemea nini, na ukuta una unene gani. Baada ya nusu saa huwa amelijua jengo hilo kuliko mpita njia aliyelipiga picha mia moja.

Ni kwa sababu hii ambapo uchoraji wa mkono ungali sehemu ya mafunzo ya wasanifu majengo. Isitoshe, ni stadi ambayo mtu yeyote anaweza kujifunza. Haihitaji kipaji cha kuzaliwa nacho, bali kanuni chache na mazoezi mengi.

Umuhimu wa mchoro

Mnamo Disemba 25, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba mashuhuri lililojengwa na Sultani Barghash mjini Zanzibar mwaka wa 1883, iliporomoka wakati wa ukarabati na kusababisha vifo vya watu wawili. Mkasa huo ulikumbusha wakazi wa mwambao wote wa Afrika Mashariki kwamba jengo, hata liwe na fahari kiasi gani, lina umri wake.

Nyumba kongwe za Lamu, Mombasa na Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji ya mvua yakipenya darini, boriti huoza. Na boriti zikioza, dari hushuka na kuta hupoteza mshikamano. Jengo likishaanguka, anayetaka kulirejesha hutegemea kumbukumbu zilizohifadhiwa: maandishi, picha na michoro.

Mji wa Lamu una bahati katika jambo hili. Mwaka wa 1975, msanifu majengo Usam Ghaidan alichapisha kitabu kuhusu mji huo na nyumba zake. Mnamo 1986, Francesco Siravo na Ann Pulver wakatoa mpango wa kuuhifadhi. Mwaka wa 2001, Unesco iliuorodhesha mji huo miongoni mwa turathi za dunia. Hata hivyo, si kila mji wa kale uliopata watafiti wa aina hiyo, na si kila nyumba ndani ya mji ilichorwa. Hapo ndipo mwanafunzi, mwalimu au mkazi mwenye daftari anapoweza kutoa mchango.

Vifaa na mstari

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: daftari la karatasi zisizo na mistari, penseli mbili au tatu, na kalamu ya wino mweusi. Penseli ya HB hutosha kwa mistari ya awali. Ya 2B na 4B, ambazo risasi yake ni laini na nyeusi zaidi, hufaa kwa vivuli. Ufutio ni heri uachwe nyumbani. Anayefuta kila mstari hufundisha mkono wake woga. Mstari ukikosea, mwingine ulio sahihi huchorwa kando yake, na jicho la mtazamaji huchagua lenyewe.

Mstari mrefu huchorwa kwa kuzungusha bega, si kifundo cha mkono. Mchoraji huweka kitone mwanzoni na kingine mwishoni, kisha huvuta mstari akitazama kitone cha mwisho badala ya ncha ya penseli. Mstari ukitetemeka kidogo si hoja, mradi ufike unakokwenda. Kuta za chokaa zenyewe hazikunyooka kama zilizopigwa rula.

Kupima kwa penseli

Kabla ya kuchora, mchoraji huchagua mahali pa kuketi. Akilikaribia jengo mno, hulazimika kuinua na kugeuza shingo, na mchoro wake huvurugika. Kwa kawaida umbali usiopungua mara mbili ya kimo cha jengo humwezesha kuliona lote kwa mtazamo mmoja.

Hatua ifuatayo ni kupata uwiano. Mchoraji hunyoosha mkono bila kukunja kiwiko, hushika penseli wima na kufumba jicho moja. Hulinganisha ncha ya penseli na ukingo wa juu wa mlango, kisha hutelezesha kidole gumba hadi kilingane na ukingo wa chini. Urefu huo ndio kipimo chake. Kwa kipimo hicho hujiuliza: ukuta huu una kimo cha milango mingapi? Upana wake je? Dirisha ni nusu ya mlango au thuluthi?

Wanaoanza hukosea zaidi kwa kukunja kiwiko, maana penseli ikisogea karibu na jicho, kipimo hubadilika. Aidha, wengi huanza na nakshi za mlango kabla ya kujua ukuta unaishia wapi, wakajikuta karatasi imewaishia ilhali paa halijachorwa. Utaratibu ufaao ni kutoka kwa kikubwa kwenda kwa kidogo: kwanza umbo zima la jengo, kisha ghorofa, kisha milango na madirisha, na nakshi mwisho.

Upeo wa macho

Mchoro huonyesha umbali kwa kanuni iliyofafanuliwa katika mji wa Florence, Italia, mwanzoni mwa karne ya 15. Msanifu Filippo Brunelleschi aliidhihirisha kwa kuchora majengo ya mji huo, na mwaka wa 1435 Leon Battista Alberti akaieleza kwa maandishi.

Kanuni yenyewe ni hii. Mistari iliyo sambamba na inayokwenda mbali na mtazamaji huonekana kukutana kwenye nukta moja. Ikiwa mistari hiyo imelala sawa na ardhi tambarare, nukta hiyo huwa kwenye upeo wa macho, yaani mstari wa kufikirika ulio sawa na kimo cha macho ya mchoraji. Mistari iliyo juu ya macho, kama vile ukingo wa paa, huteremka kuelekea kwenye nukta hiyo. Iliyo chini, kama vile ukingo wa baraza, hupanda.

Anayetazama kichochoro kilichonyooka huhitaji nukta moja. Anayetazama pembe ya jengo huhitaji mbili, moja kwa kila upande. Anayeinua macho kutazama mnara mrefu huongeza ya tatu, iliyo juu, ambako kingo za wima huelekea.

Upeo wa macho pia humsaidia mchoraji kuwapanga watu. Akisimama kwenye uwanja tambarare, macho ya watu wenye kimo sawa na chake huwa kwenye mstari uo huo wa upeo, wawe karibu au mbali. Akiketi barazani, upeo hushuka pamoja naye, na vichwa vya wapita njia huinuka juu ya mstari huo.

Ni katika mji kama Lamu ambapo kanuni hii hujaribiwa. Vichochoro vyake havikunyooka. Kila baada ya hatua chache ukuta huchukua mwelekeo mwingine. Mwanafunzi aliyekariri kwamba kichochoro kina nukta moja ya makutano atachora barabara ambayo haipo Lamu. Ukweli ni kwamba kila ukuta una nukta yake, ila nukta zote zimo kwenye upeo mmoja. Aliyefahamu jambo hili anaweza kuchora mtaa wowote, hata uliopinda namna gani.

Nguzo, matao na mnara

Veranda ya shule yenye safu ya nguzo huwatatiza wengi, kwa kuwa nafasi baina ya nguzo huonekana kupungua kadiri zinavyokwenda mbali. Kuna njia rahisi ya kupata nafasi hizo bila hesabu. Baada ya kuchora nguzo mbili za kwanza na mistari ya juu na ya chini inayoziunganisha, mchoraji huvuta mstari kutoka kilele cha nguzo ya kwanza, upite katikati ya nguzo ya pili, hadi ufike kwenye mstari wa chini. Hapo ndipo panaposimama nguzo ya tatu. Ya nne hupatikana vivyo hivyo.

Duara linalotazamwa kwa upande huonekana kama duaradufu. Jumba la mikutano la KICC jijini Nairobi, lililobuniwa na Karl Henrik Nøstvik wa Norway pamoja na David Mutiso wa Kenya na kukamilika mwaka wa 1973, ni darasa zuri la somo hili. Anayesimama uwanjani huona kingo za orofa zilizo karibu na kimo cha macho yake zikikaribia kuwa mstari mnyoofu, na kadiri anavyopandisha macho, kingo hizo huzidi kujipinda. Anayechora orofa zote kwa mpindo mmoja huufanya mnara uonekane kama bati lililokunjwa.

Kivuli na nakshi

Mistari huonyesha umbo, lakini kivuli ndicho huonyesha kina. Mwanafunzi aanze na viwango vitatu pekee: cheupe cha karatasi kwa ukuta unaopigwa na jua, kijivu kwa ukuta ulio kivulini, na cheusi kwa ndani ya milango na madirisha. Kijivu hupatikana kwa mistari sambamba iliyosongamana. Mistari mingine ikipitishwa juu yake kwa mshazari, giza huongezeka.

Saa ya kuchora ni muhimu. Katika mwambao, jua la saa sita mchana huwa karibu utosini, na tofauti ya mwanga baina ya ukuta na ukuta hupungua. Saa mbili asubuhi au saa kumi alasiri, ukuta mmoja hung'aa na mwenzake huwa gizani, na jengo hujichora lenyewe.

Kuhusu nakshi za milango, si lazima kuchora kila ua. Mchoraji stadi huchora sehemu moja kwa ukamilifu, tuseme kiasi cha shubiri moja ya fremu au ya mfaa, yaani ubao wa katikati unaozibia pengo la mbao mbili. Sehemu iliyobaki huidokeza kwa mistari hafifu. Mtazamaji humalizia mwenyewe, na fundi anayetaka kuchonga mfano wake huwa na kielelezo kamili.

Kuchora kilichofichika

Mchoro wa sura ya nje hausemi yote. Ramani ya sakafu, inayoonyesha vyumba kana kwamba paa limeondolewa, huchorwa kwa kuhesabu hatua. Mchoraji hupima urefu wa hatua yake nyumbani, kisha hutembea chumbani na kuandika idadi ya hatua kando ya kila ukuta.

Katika nyumba za kale za Lamu, ramani hiyo hufichua siri ya ujenzi. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa takriban mita 2.5 hadi 3. Sababu imo darini: boriti ya mkoko haiwezi kubeba dari nzito ya mawe na chokaa kwa umbali zaidi ya huo. Mti wa ufuoni ndio uliokata kimo cha upana wa chumba. Hilo ni jambo ambalo picha ya sura ya nje haiwezi kulisema.

Nafasi ya ubunifu

Mchoro wa mkono si kumbukumbu ya yaliyopita tu. Mwaka wa 1911, kijana kutoka Uswisi aliyekuja kufahamika kama Le Corbusier alisafiri hadi Istanbul na Athens akijaza madaftari kwa michoro ya misikiti, nyumba na magofu, kabla ya kuwa mmoja wa wasanifu wakuu wa karne hiyo. Mnamo 1957, Jørn Utzon wa Denmark alishinda shindano la kubuni Jumba la Opera la Sydney kwa michoro iliyokuwa ya awali tu. Jumba lenyewe lilifunguliwa mwaka wa 1973.

Anayetaka kukuza ubunifu achore jengo moja mara nne katika visanduku vidogo kama kiberiti, kila kimoja kutoka upande tofauti, kabla ya kuchagua mchoro mkubwa. Kisha aweke karatasi nyembamba juu ya mchoro uliokamilika na kujaribu mabadiliko: kuongeza roshani, kuondoa bati, kurejesha baraza iliyobomolewa. Hivyo hujifunza kubuni kwa kuheshimu kilichokuwapo.

Adabu na mazoezi

Nyumba ya mtu si makavazi. Anayetaka kuchora ndani sharti abishe hodi na kuomba ruhusa, hasa katika miji ya Waswahili ambako nyumba hutazama ndani ili kulinda faragha ya wenyeji. Mjini Lamu ipo nyumba ya kale iliyohifadhiwa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, ambayo ni mahali pafaapo kuanzia. Kambi za jeshi na vituo vya polisi viepukwe kabisa.

Haba na haba hujaza kibaba. Dakika 15 kila siku zina faida kuliko Jumamosi nzima mara moja kwa mwezi. Wiki ya kwanza iwe ya mistari na visanduku, ya pili ya kupima kwa penseli, ya tatu ya upeo wa macho, na ya nne ya vivuli. Baada ya hapo mwanafunzi achague jengo moja lililo karibu na kwao, hata kama ni duka la bati, alichore hadi alijue.

Hatimaye, kila mchoro uandikwe pembeni tarehe, saa, jina la mtaa, upande uliotazamwa na vifaa vilivyotumika kujenga. Bila maelezo hayo, mchoro ni pambo. Yakiwapo, huenda miaka 30 ijayo fundi akautumia kurejesha ukuta ambao hakuna aliye hai anayekumbuka ulivyokuwa.