Mpiga Kura Mbele ya Wagombea: Habari za Bungoma na Kitale

Wazee wetu wametuachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Ya pili yasema kwamba penye wengi pana mengi. Anayetaka kujua ni ipi iliyo kweli na aende katika mkutano wa wagombea uchaguzi, akae nyuma, asikilize. Lakini kabla ya kwenda yafaa ajue jinsi ilivyopatikana haki hiyo ya kukaa na kusikiliza, na hata ya kusimama na kuuliza. Katika nchi ya Kenya haki hiyo haina umri mkubwa. Katika miji ya Bungoma na Kitale historia yake yaonekana wazi kuliko mahali pengi, kwa sababu miji hiyo, ingawa ni majirani, iliifikia kwa njia mbili mbalimbali.

Kitale ulikuwa mji wa walowezi. Baada ya Vita Kuu ya kwanza, serikali iliwagawia askari wa Kiingereza mashamba katika Trans Nzoia, na reli ilipofika Kitale mwaka 1926 mahindi yao yalipata njia ya kwenda pwani. Walowezi walipata kura mapema. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1907, na mwezi wa Februari 1920 Wazungu wa Kenya walichagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza. Tangu hapo mkulima wa Kizungu aliweza kumwuliza mgombea habari za bei ya mahindi au nauli ya reli na, asiporidhika, kumnyima kura yake. Mtumishi wake, ambaye mara nyingi alikuwa Mbukusu aliyetoka upande wa Bungoma kutafuta kazi, ndiye aliyeyapalilia mahindi yale. Yeye hakuulizwa wala hakuuliza.

Huko Bungoma neno baraza lilikuwa na maana nyingine. Mabaraza ya Wenyeji yaliyoanzishwa mwaka 1925 yalikuwa na wazee wa maarifa, lakini mwenye kiti alikuwa Mkuu wa Wilaya. Na baraza la chifu, ambalo ndilo lililojulikana zaidi na watu wote, lilikuwa mahali pa kuambiwa: kodi ni kiasi hiki, mifugo ifanyiwe hivi, matuta yachimbwe vile. Watu kukusanyika kwa hiari yao wenyewe kulikuwa na hatari yake. Tarehe 10 Februari 1948, huko Malakisi, polisi walipiga risasi umati wa wafuasi wa Dini ya Msambwa, na watu 11 wakafa. Mwaka huo huo dini hiyo ilipigwa marufuku, na kiongozi wake, Elijah Masinde, akapelekwa kizuizini mbali na kwao. Hapana budi tuikumbuke habari hiyo tunapofikiri juu ya watu walioketi uwanjani miaka tisa baadaye, wakingoja kusikia maneno ya wagombea.

Miaka tisa baadaye ni Machi 1957. Mwezi huo Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura zao wenyewe kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, tangu Bwana Eliud Mathu alipoingia mwaka 1944, wajumbe Waafrika waliteuliwa na Gavana. Viti vilikuwa vinane tu kwa nchi nzima. Bungoma ilikuwa katika jimbo la Nyanza ya Kaskazini, na Kitale ilikuwa katika Bonde la Ufa. Hivyo ndugu wawili wa mama mmoja, mmoja akikaa Kimilili na mwingine akifanya kazi katika shamba la Kitale, hawakuwa na mjumbe mmoja wa kumpima.

Wala si kila mtu aliyekuwa na kura. Bwana Walter Coutts, ofisa wa serikali, alikuwa ametengeneza utaratibu wa kupima ustahili wa mpiga kura: elimu, mapato au mali, utumishi wa miaka mingi, na kadhalika. Mwenye sifa nyingi alipata kura zaidi ya moja, hata tatu. Katika uwanja mmoja basi, mwalimu mwenye kura tatu aliweza kuketi ubavuni mwa mkulima mwenye kura moja, na nyuma yao akasimama mama asiyekuwa na hata moja. Fikira iliyokuwa chini ya utaratibu huo ni kwamba mtu asiyesoma hawezi kupima hoja. Mimi naona fikira hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa. Mzee aliyepatanisha ugomvi wa mipaka ya mashamba kwa miaka 30 hutambua upesi nani asema kweli na nani azungusha maneno, hata kama hawezi kulisoma jina lake mwenyewe.

Jambo hili halikuwa la Afrika peke yake. Mwaka 1858, katika jimbo la Illinois huko Marekani, Abraham Lincoln na Stephen Douglas walijadiliana hadharani mara saba, na watu kwa maelfu wakaja kuwasikiliza. Wanawake waliokuwa katika umati ule hawakuwa na kura. Hata wanaume hawakuweza kumchagua mjumbe wa Seneti moja kwa moja, kwa kuwa kazi hiyo ilikuwa ya bunge la jimbo. Walakini mabishano yale yalisomwa magazetini nchi nzima, na Lincoln, ambaye hakupata kiti kile, alichaguliwa kuwa Rais mwaka 1860.

Turudi Nyanza ya Kaskazini. Nchi ilikuwa bado katika Hali ya Hatari iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952. Chama cha KAU kilikuwa kimepigwa marufuku mwaka 1953, na tangu 1955 serikali iliruhusu vyama vya wilaya tu. Mgombea hakuwa na chama kikubwa cha kumbeba; alisimama kwa jina lake na maneno yake. Mkutano wa hadhara ulihitaji kibali cha serikali, na asiyepewa kibali hakuwa na la kufanya.

Wagombea waliojulikana zaidi huko walikuwa Bwana W. W. W. Awori na Bwana Masinde Muliro. Awori, mwandishi wa magazeti aliyekuwa mtu wa KAU, alikuwa mjumbe wa kuteuliwa tangu mwaka 1952. Muliro, mzaliwa wa upande wa Kimilili, alikuwa mwalimu aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika ya Kusini. Mmoja alikuwa na matendo ya kuulizwa, wa pili alikuwa na ahadi. Hapa ndipo kazi ya mpiga kura inapokuwa ngumu. Ni rahisi kumhukumu mwenye matendo kwa ukali, maana makosa yake yanajulikana, na kumhukumu mwenye ahadi kwa upole, maana yake bado hayajatokea. Msikilizaji mwema humwuliza wa kwanza, "Ulifanya nini?" na wa pili, "Utafanyaje?" na hakubali mmoja wao ajibu swali la mwenzake. Yumkini wengine hawakuuliza lolote ila kabila la mgombea, kwa kuwa Muliro alikuwa Mbukusu na Awori Msamia. Ugonjwa huo haukuanza mwaka 1957 wala haukuishia hapo.

Muliro alishinda. Mwezi huo Mathu naye alishindwa na Bernard Mate, na B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika Kenya, akashindwa na Oginga Odinga. Wajumbe wanane waliochaguliwa hawakukawia kuikataa katiba iliyokuwapo na kukataa kupewa uwaziri chini yake. Wapiga kura wachache, waliochujwa kwa utaratibu uliokusudiwa kuleta watu wapole, walikuwa wamepeleka barazani watu wagumu.

Mtu angedhani kwamba baada ya uhuru, mwaka 1963, mkutano wa wagombea ungekuwa huru pia. Haikuwa hivyo. Sheria iliyotaka kibali cha mkutano ilirithiwa kama nyumba inavyorithiwa pamoja na kunguni wake. Chama cha KADU, ambacho Muliro alikuwa mmoja wa viongozi wake, kilivunjwa mwezi wa Novemba 1964, na mwaka 1982 KANU ikawa chama pekee kwa mujibu wa sheria.

Chama kimoja peke yake hakiondoi mashindano ya hoja. Katika Tanzania, mwaka 1965, wagombea wawili wa TANU katika karibu kila jimbo walizunguka pamoja, wakahutubia mikutano ile ile kwa Kiswahili, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwenzake ya nyumba. Watu waliwapima bega kwa bega, na hata Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alishindwa. Kenya ilikwenda njia nyingine. Katika uchaguzi wa KANU wa mwaka 1988 kura ya siri iliachwa, wapiga kura wakapangwa mlolongo nyuma ya picha ya mgombea wao, na aliyepata zaidi ya asilimia 70 alihesabiwa ameshinda pasipo kwenda kwenye masanduku. Mgombea akiweza kukuona umesimama katika mlolongo gani, ana haja gani ya kukushawishi kwa hoja? Yatosha akukumbuke.

Mwaka 1991 watu sita walianzisha FORD ili kudai vyama vingi. Miongoni mwao walikuwamo wawili wa wale wanane wa 1957, Odinga na Muliro, sasa wazee. Muliro, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mwakilishi wa watu wa upande wa Kitale, alifariki mwezi wa Agosti 1992, miezi michache kabla ya uchaguzi alioutamani. Kibali cha mkutano kiliondolewa mwaka 1997. Tangu hapo mwenye kuitisha mkutano hutoa taarifa tu. Mwezi wa Februari 2013 wagombea wanane wa urais wa Kenya walisimama pamoja mbele ya taifa na kuulizwa maswali, jambo ambalo halikuwa limeonekana kabla.

Uchaguzi wa mwaka 2013 ulileta pia serikali za kaunti, kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Kaunti ya Bungoma ina wadi 45 na Trans Nzoia 25, na kila wadi humchagua mwakilishi wake. Mwakilishi wa wadi hutunga sheria za kaunti, hupitisha bajeti na huichungulia kazi ya gavana. Zahanati, masoko, barabara za kaunti na shule za chekechea ni mambo ya kaunti. Shule za sekondari ni za serikali ya taifa. Asiyejua mpaka huo hudanganywa bila shida.

Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2022 nilihudhuria mdahalo wa wagombea wa wadi moja, katika ukumbi wa kanisa mjini Kitale. Wagombea watano walialikwa, wanne wakaja. Hapakuwa na ngoma wala fulana za bure, na labda ndiyo sababu nusu ya viti ilikuwa mitupu. Kila mmoja alipewa dakika tatu. Kijana mmoja, msemaji hodari, aliahidi kuwajengea watu shule ya sekondari katika mwaka wake wa kwanza, akapigiwa makofi. Makofi yalipokwisha, mama mmoja mwuza mboga alisimama na kitambaa chake begani.

"Mwanangu," akasema, "hiyo shule utaijenga kwa fedha za nani? Maana niliambiwa sekondari si ya kaunti."

Kijana alicheka kidogo, akasema kwamba angezungumza na mbunge. "Basi, mwanangu, mbunge na aje aombe kura yake mwenyewe," mama akajibu. "Wewe tuambie habari za soko. Mvua ikinyesha twauza tukiwa tumesimama katika maji."

Kijana akafungua daftari lake, akaanza kuandika.