Kabla ya lami, mashimo yalitosha

Bunge lilipotunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, Bonde la Kilombero lilikuwa likingoja reli. TAZARA ilikuwa bado inajengwa, na barabara ya kwenda Ifakara ilikuwa ya udongo, masika tope, kiangazi vumbi. Sheria hiyo ndiyo inayomzuia dereva asipite kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Kati ya Kidatu na Ifakara haikuhitaji msimamizi, mashimo yalitosha.

Kwa miaka mingi, dereva wa basi la Ifakara alianza kuihofia tochi akishafika Mikumi, anapoikamata barabara kuu ya kwenda Morogoro. Tochi ni kifaa anachokielekeza askari kwenye gari linalokuja: kinapima mwendo, na vya siku hizi vinapiga picha ya gari pamoja na namba zake. Aliyepigwa tochi anaandikiwa faini ya shilingi 30,000, na deni linakaa kwenye mfumo wa polisi likifuata namba ya gari. Kwa bodaboda na bajaji, bajeti ya 2021 iliishusha faini hadi 10,000.

Kamera ya mwendokasi asili yake ni mashindano. Mholanzi Maurits Gatsonides, bingwa wa mbio za Monte Carlo mwaka 1953, aliibuni ili apime kasi yake mwenyewe kwenye kona. Serikali zikaichukua. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1991 ili picha ya kamera ikubalike mahakamani kuwa ushahidi wa mwendokasi.

Sisi tuliingia kwa mlango mwingine. Mwaka 2007 Sheria ya Ushahidi ilirekebishwa ili kumbukumbu za kielektroniki zipokelewe kwenye kesi za jinai, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ikaongeza masharti ya kupima uaminifu wake. Tochi ikapata pa kusimama, ingawa kosa lenyewe bado ni lile la 1973, la mtu aliyeshika usukani. Hapo ndipo penye uzito: picha inaonyesha gari, nalo lina mmiliki, dereva na pengine deiwaka anayemshikia usukani kwa siku. Anayekana kosa ana haki ya kwenda mahakamani badala ya kulipa, lakini ni wangapi watakaopoteza siku nzima ya kazi kwa ajili ya 30,000?

Mabasi yana jicho la pili. Mdhibiti wa usafiri, SUMATRA, na baadaye LATRA iliyoundwa kwa sheria ya 2019, aliagiza yafungwe kifaa cha kufuatilia mwendo kwa setilaiti. Ufuatiliaji huo ulisaidia kurudisha safari za usiku mwaka 2023, baada ya marufuku iliyodumu tangu miaka ya tisini.

Sasa lami imefika. Daraja la Magufuli la Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018 na kuwapumzisha watu wa Ulanga na Malinyi na kivuko, kilomita 66.9 za Kidatu hadi Ifakara zikafuata. Mang'ula na Kiberege, watoto wanatembea pembeni kwenda shule, wakulima wanasukuma baiskeli zenye magunia ya mpunga, na malori ya miwa yanapita. Kwa ajili yao naitaka tochi. Naitaka iwe wazi: isimame panapoonekana, karibu na shule, na dereva aonyeshwe picha yake kabla hajaandikiwa.