Udanganyifu Katika Mitihani na Kazi za Chuo: Hukumu Yake na Nasaha kwa Wazazi

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Kila mwaka familia za Unguja na Pemba huwasindikiza vijana wao bandarini kwenda kusoma bara. Baadhi yao hushuka Dar es Salaam, wakapanda basi kiasi cha kilomita 500, wakapita Mikumi na mlima wa Kitonga hadi Iringa. Mji huo una Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha, na Mkwawa, ambacho ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu 2005. Kijana anayepanga chumba Kihesa yuko mbali na macho ya baba na mama, na huko ndiko uaminifu wake unakopimwa.

Udanganyifu ni upi?

Ni kupiga chabo au kuingia na majibu katika chumba cha mtihani. Kumlipa mtu akuandikie utafiti. Kunakili maandishi ya mwengine bila kumtaja. Kuandikisha jina katika kazi ya kikundi ambayo hukuigusa. Na kujaza mwenyewe madodoso ya watu ambao hukuwauliza.

Hukumu yake

Yote hayo ni haramu. Katika Sahihi Muslim imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umajimaji uliofichwa chini. Akamkemea muuzaji na kubainisha kuwa mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Cheti kisicho na elimu ni rundo kama lile: juu kikavu, chini kimeoza.

Na kutaja uliyemnukuu si jambo geni kwetu. Mtoto wa chuoni anajua kuwa hadithi huja na wapokezi wake, na kwamba maulamaa hawakukubali maneno yasiyojulikana yametoka kwa nani.

"Chuo si cha Waislamu"

Wapo vijana wanaojitetea hivi, kwa kuwa viwili kati ya vyuo tulivyovitaja ni vya makanisa. Hoja hii haina msingi. Makureshi walipopanga kumuua Mtume (s.a.w.), bado amana zao zilikuwa kwake. Alipohama alimwacha Ali (r.a.) Makka azirudishe kwa wenyewe. Ikiwa maadui walirudishiwa amana, vipi chuo ulichokubali kanuni zake kwa saini yako? Katika Suratul Maidah, aya ya kwanza, waumini wameamrishwa kutimiza ahadi.

Hasara ya duniani

Tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alikabidhiwa Dodoma ripoti ya uhakiki wa vyeti, ikiwa na watumishi wa umma 9,932 walioghushi. Aliagiza waondolewe kazini. Wengi walikuwa na watoto wanaowategemea, na miaka ya utumishi ikaishia hapo.

Aliyekwishafanya

Atubu kwa Allah, aache, na aazimie kutorudia. Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki 1999, aliulizwa kuhusu mshahara wa mtu aliyedanganya katika masomo. Alijibu kwamba atubu, na kama anaitekeleza kazi yake ipasavyo, hapana ubaya katika chumo lake. Hivyo asiyeimudu kazi ajifunze upya au aiache, hasa anayeshika roho za watu hospitalini.

Nasaha kwa wazazi

Tusimuulize kijana "umepata ngapi?" peke yake, tumuulize pia amesoma nini. Ajue kuwa akifeli atapokelewa nyumbani, na mtihani wa marudio si mwisho wa dunia. Kijana anayeogopa kuaibisha ukoo ndiye anayerubunika upesi. Na tusimtumie pesa za "kuandikiwa utafiti", kwani anayesaidia dhambi ana sehemu yake.

Allah awahifadhi vijana wetu na awape elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.