Alitajwa Kikosini, Hakukimbia: Stori ya Brian McKeever

Ukiuliza watu kuhusu Mkenya na theluji, wenye kumbukumbu watakutajia Philip Boit. Nagano, Japani, 1998. Kilomita 10 kwa skii, jamaa akamaliza wa mwisho, na bingwa wa mbio zenyewe, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja pale mwisho ndio amkumbatie. Hiyo tunaijua. Lakini kwenye Olimpiki hizo hizo kulikuwa na Mkanada anaitwa Robin McKeever, na stori ya leo ni ya mdogo wake, Brian.

Mwaka huo huo wa 1998, kaka akiwa ametoka kuvaa jezi ya taifa, Brian akaambiwa macho yake yanaisha. Alikuwa na miaka 19. Ugonjwa unaitwa Stargardt, ni wa kurithi, na baba yao alikuwa nao pia. Unaharibu sehemu ya katikati ya kuona, ile unayotumia kusoma meseji au kutambua uso wa mtu. Pembeni unaendelea kuona. Brian alibakiwa na kama asilimia 10 ya uwezo wa kuona.

Sasa fikiria huyu ni mtu ameteleza kwenye theluji tangu akiwa mtoto. Hajui maisha mengine.

Kilichofuata ndio kilinishika. Robin, mtu wa Olimpiki mzima, akakubali kuwa mwelekezi wa mdogo wake. Kama umewahi kuona Henry Wanyoike akikimbia unajua maana yake. Tofauti ni kwamba Wanyoike na mwenzake wanaunganishwa na kamba mkononi. Kwenye skii kamba hakuna. Mwelekezi anatangulia, anaita kona, anaita mteremko, na wewe unamfuata kwa kasi ukiamini sauti yake na kivuli chake. Akikosea, mnakosea wote. Na akichoka mnapoteza wote. Muulize Wanyoike: Sydney 2000, mita 5,000, mwelekezi wake alikuwa mgonjwa, na mwishoni ikabidi yeye asiyeona ndiye amvute anayeona hadi kwenye utepe. Walishinda, lakini kwa tabu.

Kwa hivyo mwelekezi lazima awe na nguvu kuliko bingwa mwenyewe, halafu akubali jina kubwa liwe la mwingine.

Ndugu hao walienda Paralimpiki ya Salt Lake City 2002, Brian akachukua dhahabu 2. Torino 2006, dhahabu 2 tena. Wengi wangetosheka. Brian akataka kitu kingine: kukimbia Olimpiki yenyewe, na watu wanaoona, bila mwelekezi.

Na hakuomba huruma. Alichagua kilomita 50, mbio ambazo wote huanza pamoja, kwa sababu angeweza kuwafuata wenzake. Akashindania nafasi kwenye mbio za mchujo kama kila mtu, akashinda. Januari 2010 jina lake likatoka kwenye kikosi cha Kanada cha Olimpiki ya Vancouver. Hakuna mwanamichezo wa msimu wa baridi alikuwa amewahi kutajwa kwenye Olimpiki na Paralimpiki zote mbili. Na ilikuwa nyumbani kwao. Familia, kamera, nchi nzima.

Halafu kocha akapiga hesabu. Kila nchi kubwa ilikuwa na nafasi 4 kwenye ile mbio. Wakanada wengine walikuwa wameteleza vizuri kuliko walivyotarajiwa wiki hizo mbili. Brian akaachwa. Tarehe 28 Februari 2010 kilomita 50 zikakimbiwa bila yeye.

Nataka tuwe wakweli hapa. Kocha hakuwa mwenda wazimu. Mmoja wa wale aliowachagua, Devon Kershaw, alimaliza nambari 5, sekunde chache tu nyuma ya mshindi. Ukiangalia karatasi, uamuzi unasimama. Na hiyo ndio inauma zaidi, kwa sababu huna hata mtu wa kukasirikia vizuri.

Mimi naijua hiyo hisia kidogo. Mwaka wangu wa pili chuoni, jina langu lilikuwa kwenye listi ya mtihani iliyobandikwa ukutani. Nililipiga picha, nikamtumia mathe, mathe akawaonyesha wamama wa chama. Asubuhi ya mtihani nikarudishwa mlangoni: karo haijakamilika. Yule mzee wa mlangoni hakuwa mbaya, alikuwa anasoma karatasi yake tu. Nilirudi hosteli na kalamu 2 mfukoni. Sikurudi tena muhula uliofuata. Mpaka leo kitu kinaniuma si mtihani. Ni ile picha, bado iko kwenye simu ya mathe.

Kwa hivyo nilipofika mahali Brian anaachwa, niliweka simu chini kwanza.

Hapa ndio watu wa motivesheni huingia na maikrofoni. Watakwambia Machi hiyo hiyo Brian alienda Paralimpiki pale pale, Robin mbele yake, akashinda dhahabu 3. Ni kweli. Sochi 2014, dhahabu 3 tena, na moja yao, ya kilomita 1, alianguka mwanzoni kwenye fainali, akainuka, akawafukuza walio mbele na bado akashinda. PyeongChang 2018, 3. Beijing 2022, akiwa na miaka 42, 3. Akastaafu na dhahabu 16 na medali 20 kwa jumla, sawa kwa dhahabu na Gerd Schönfelder, Mjerumani wa skii za milimani. Wanaume wengine kwenye Paralimpiki za baridi hawajawafikia.

Lakini Olimpiki hakukimbia. Hazikupatikana baadaye, na dhahabu 16 hazijazi ile nafasi moja. Mimi siamini ile maneno ya mlango mmoja ukifungwa mwingine unafunguka wenyewe. Mlango wa pili wa Brian ulikuwa wazi kwa sababu kuna watu waliujenga. Alifanyia mazoezi Canmore, kwenye uwanja uliojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya Calgary ya 1988. Alikuwa na kaka aliyeacha ndoto zake akaenda kutangulia. Robin alipoacha kuelekeza na kuwa kocha, wakaja wengine, Erik Carleton, Graham Nishikawa, Russell Kennedy, hadi ikafika mahali mwelekezi mmoja hatoshi, wanapokezana. Na mwelekezi akishinda na wewe, naye anavaa medali. Hiyo sheria naipenda vibaya.

Hapa kwetu tunapenda stori ya mtu aliyepambana peke yake. Tukimuona aliyeanguka tunamuuliza kwa nini hakujituma. Hatuulizi ni nani alikuwa mbele yake akimwitia kona.

Mimi nilipotoka chuo, aliyetangulia alikuwa binamu yangu. Alinikopesha laptopu yake mwaka mzima, na yeye ndiye alinifundisha kukata video usiku baada ya zamu yake ya kazi. Hajawahi kuonekana kwenye video hata moja. Leo nimemtag hapa chini. Wewe pia mtag wa kwako.