Danggui: Mzizi wa Damu katika Tiba ya China

Danggui ni mzizi wa mmea ambao jina lake la kisayansi ni Angelica sinensis, wa ukoo mmoja na karoti, giligilani na bizari. Mmea wenyewe hufikia kimo cha meta moja hivi, shina lake lina rangi ya zambarau na maua yake ni meupe, madogo madogo. Mzizi una kichwa kinene kinachogawanyika chini kuwa vijizizi vingi. Nje ni wa kahawia, ndani ni mweupe unaoelekea umanjano, na harufu yake ni kali. Makao yake ni nyanda za juu zenye baridi za China ya kati na magharibi, hasa jimbo la Gansu, kisha Yunnan, Sichuan, Shaanxi na Hubei. Kwa Wachina wengi, danggui ni miongoni mwa dawa za kwanza kutajwa yanapozungumzwa mambo ya hedhi na uzazi. Sifa hiyo ilijengwa polepole. Mwanzoni mzizi huu ulikuwa dawa ya maradhi mengi, na ya wanawake yalikuwa baadhi yake tu.

Miongoni mwa vitabu vya kale zaidi vya dawa nchini China ni Shennong Bencao Jing, kilichokusanywa yapata karne ya 1 au ya 2 BK. Kinaorodhesha dawa 365 katika madaraja matatu, na danggui imewekwa katika daraja la kati. Inatajwa kuwa dawa ya kikohozi na kubanwa pumzi, homa za vipindi, wanawake wanaotokwa damu bila kukoma au wasiopata watoto, vidonda vibaya, na majeraha ya silaha. Maelekezo ni kuichemsha na kunywa maji yake. Katika orodha hiyo askari aliyekatwa upanga anahusika sawasawa na mwanamke asiyeshika mimba. Yapata mwaka 500, mwanazuoni Tao Hongjing alipokihariri kitabu hicho na kukiongezea maelezo, alikwisha kutofautisha danggui kwa asili yake. Aliyoisifu ilitoka Longxi, katika Gansu ya leo, yenye nyama, harufu nzuri na vijizizi vichache.

Hatua kubwa ya kuelekea tiba ya wanawake inaonekana kwa tabibu Zhang Zhongjing, aliyeishi mwishoni mwa enzi ya Han, karibu na mwaka 200. Katika maandishi yake yanayoitwa Jingui Yaolue kuna sura tatu za wanawake: ya ujauzito, ya baada ya kujifungua, na ya maradhi mengineyo. Kwa mjamzito anayeumwa tumbo aliandika mchanganyiko wa danggui, mzizi wa piyoni na dawa nyingine nne. Kwa mzazi mwenye maumivu ya tumbo aliandika mchuzi wa nyama ya kondoo, tangawizi na danggui, ambao hadi leo hupikwa majumbani, hasa wakati wa baridi. Hata hivyo, Zhang huyohuyo aliitumia danggui pia kwa mgonjwa yeyote, mume au mke, mwenye mikono na miguu ya baridi na mapigo hafifu ya mishipa.

Kilichoufunga mzizi huu na wanawake ni fikra juu ya damu. Katika tiba ya China, damu ni zaidi ya kile kinachotoka mtu akijikata. Ni kitu kinacholisha mwili mzima, nacho kwa mwanamke hutoka kama hedhi, humlisha mtoto tumboni, na baada ya kujifungua hugeuka maziwa. Anayepoteza damu kila mwezi na kila uzazi, matabibu walisema, lazima damu yake ijazwe na pia isiachwe ituame. Danggui ilisifiwa kwa kazi zote mbili, kujaza na kuendesha. Tabibu Sun Simiao, katika kitabu chake kikubwa kilichokamilika yapata mwaka 652, aliyaweka matibabu ya wanawake mbele ya yale ya watoto na ya watu wazima kwa jumla, akieleza kwamba maradhi ya wanawake ni magumu mara kumi kuliko ya wanaume.

Enzi ya Song, iliyoanza mwaka 960, iliigeuza fikra hiyo kuwa desturi ya nchi. Mwaka 1057 serikali iliunda idara ya kusahihisha vitabu vya tiba, na kutoka hapo maandishi ya Zhang Zhongjing yakapigwa chapa na kuenea. Mwaka 1076 likafunguliwa duka la dawa la serikali katika mji mkuu, Kaifeng, lililouza dawa zilizokwisha kuchanganywa. Kitabu cha maelekezo cha duka hilo kiliongezwa mara kadhaa hadi karne ya 12, na ndani yake, katika sehemu ya wanawake, imo dawa ya kuchemsha iitwayo siwu tang, yaani mchemsho wa vitu vinne: danggui, remania iliyopikwa, piyoni nyeupe na chuanxiong. Asili ya mchanganyiko huo haikuwa wanawake hata kidogo. Maandishi ya kale zaidi yanayoutaja ni ya karne ya 9, ya Lin Daoren, na yanahusu kutibu mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka, mahali ambapo damu imevilia. Matabibu wa Song waliuchukua ukiwa mzima wakauhamishia kwenye hedhi. Mwaka 1237 Chen Ziming alipoandika kitabu kikubwa cha tiba za wanawake peke yao, siwu tang ilikuwa tayari msingi ambao tabibu aliupunguza au kuuongeza kulingana na mgonjwa.

Baada ya hapo danggui iliingia karibu kila mahali. Li Gao, mwaka 1247, aliandika dawa ya kujaza damu yenye sehemu tano za mzizi uitwao huangqi kwa sehemu moja ya danggui. Fu Shan, aliyefariki mwaka 1684, anahusishwa na dawa ya waliojifungua iitwayo shenghua tang, ambayo danggui ndiyo nyingi kuliko vyote ndani yake. Majumbani mzizi ulipikwa pamoja na kuku au nyama na kupewa mzazi katika mwezi wa kupumzika ndani, na wasichana walinyweshwa mchuzi wake kila hedhi ilipokwisha.

Mahitaji hayo yaliwafanya wauzaji na matabibu wawe wachaguzi. Ulikuwapo utaratibu wa kuugawa mzizi sehemu tatu: kichwa husimamisha damu, mwili huijaza, na mkia huivunja iliyoganda. Li Shizhen, ambaye kitabu chake Bencao Gangmu kilikamilika mwaka 1578, anaeleza kwamba katika zama zake wakulima wa Shaanxi na Sichuan waliipanda kwa ajili ya biashara. Iliyokuwa bora ilikuwa na kichwa cha mviringo, mikia mingi, unyevu na harufu nzuri. Ile yenye kichwa kikubwa na mikia minene, mikavu, ilihesabiwa kuwa duni.

Kilimo chenyewe kinahitaji subira. Mbegu husiwa katika kitalu, miche hung'olewa majira ya kupukutika majani, huhifadhiwa mahali pa baridi hadi kipupwe kipite, kisha hupandwa shambani. Mavuno huwa mwishoni mwa mwaka wa pili. Hasara kubwa ya mkulima ni mmea kuwahi kutoa maua, kwa sababu mzizi wake hugeuka mgumu kama kijiti na haufai tena. Mizizi iliyochimbwa huachwa inyauke kidogo, hufungwa vitita, hupandishwa juu ya dari na kukaushwa taratibu kwa moshi. Wilaya ya Min, katika milima ya kusini mwa Gansu, ndiyo iliyopata jina kubwa kwa kazi hii. Kutoka huko mzigo uliteremka hadi miji ya mto Yangtze, na kupitia bandari za kusini ukawafikia Wachina waliohamia Asia ya Kusini-Mashariki na California.

Wazungu waliufahamu mmea huu vizuri mwishoni mwa karne ya 19. Augustine Henry, Mwailandi aliyefanya kazi katika forodha ya China, alipeleka bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, vielelezo vya mimea alivyokusanya Hubei. Mwaka 1891 mtaalamu wa mimea Daniel Oliver aliieleza danggui kama aina ndogo ya mmea mwingine, na mwaka 1900 Mjerumani Ludwig Diels akaipa hadhi ya spishi kamili. Wakati huohuo kampuni ya Merck ya Darmstadt ilianza, mwaka 1899, kuuza dondoo la danggui kwa jina la Eumenol kwa wanawake wenye matatizo ya hedhi. Miaka ya 1920, katika chuo cha tiba cha Peking Union, Carl Schmidt na K. K. Chen waliipima danggui kwa wanyama katika maabara. Matokeo hayakuwatosheleza, wakaigeukia dawa nyingine ya Kichina, mahuang, ambayo ndiyo iliyoifanya efedrini ijulikane duniani.

Nchi jirani zilishika desturi ileile kwa mimea tofauti. Japani hutumia Angelica acutiloba, na Korea Angelica gigas. Mchanganyiko wa Zhang wa danggui na piyoni bado hutolewa na madaktari wa Japani, na dawa nyingi za aina hiyo zililetwa chini ya bima ya afya ya taifa mwaka 1976. China yenyewe, mizizi ilipoadimika katika miaka ya 1950, ilipanda jamaa wa danggui wa Ulaya, Levisticum officinale. Mmea huo baadaye ulionekana sokoni ukiuzwa kama danggui halisi. Hiyo ni sababu mojawapo ya rejista rasmi ya dawa ya China kudai vipimo vya kemia: mzizi uwe na asidi feruliki isiyopungua asilimia 0.05.

Utafiti wa kisasa haujaithibitisha sifa yote ya kale. Jaribio lililochapishwa mwaka 1997 huko Marekani liliwahusisha wanawake 71 waliokoma hedhi. Kwa wiki 24, waliopewa danggui peke yake hawakupata nafuu ya joto la ghafla kuliko waliopewa dawa isiyo na kitu. Matabibu wa jadi walijibu kwamba mzizi huo kwa kawaida haupewi mtu ukiwa peke yake, bali ndani ya mchanganyiko. Lililo wazi zaidi ni tahadhari: danggui huweza kuzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, na kusababisha kutokwa damu. Wajawazito nao hushauriwa wasiitumie kwa hiari yao, ingawa Zhang Zhongjing aliiandika kwa ajili yao. Katika hospitali za tiba ya jadi nchini China bado ni miongoni mwa mizizi inayoandikwa sana, na takriban yote inayouzwa sasa hutoka mashambani, kwa kuwa ile ya mwituni imebaki kidogo mno.