Ephraim Isaac: Msomi wa Ethiopia aliyekitafsiri Kitabu cha Henoko

MSOMAJI wa Biblia ya Kiswahili hukutana na Henoko mara chache tu. Yumo katika Mwanzo sura ya 5, mtu aliyekwenda na Mungu kisha akatoweka. Na katika Waraka mfupi wa Yuda yamo maneno ya unabii anayotajwa kuyanena. Maneno hayo hayapatikani mahali pengine popote katika Biblia hiyo. Yanatoka katika kitabu cha Wayahudi wa kale ambacho kwa karne nyingi Ulaya ilikiamini kuwa kimepotea, kumbe kilikuwa kikisomwa na kunakiliwa katika monasteri za Ethiopia.

Kitabu hicho ndicho kilichomjengea jina Profesa Ephraim Isaac, mwanazuoni wa lugha za Kisemiti na maandiko ya kale ya Kiyahudi. Alizaliwa mwaka 1936 huko Nejo, katika jimbo la Wollega, magharibi mwa Ethiopia. Baba yake alikuwa Myahudi wa asili ya Yemen, na mama yake Mwethiopia wa kabila la Waoromo.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1958 katika Chuo cha Concordia, jimboni Minnesota, Marekani, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Harvard. Huko alisomea theolojia na baadaye lugha za Mashariki ya Karibu, akahitimu udaktari mwaka 1969. Alikuwa pia miongoni mwa walioongoza kampeni ya kufuta ujinga wa kusoma na kuandika nchini mwake.

Kitabu cha Henoko kina sura 108. Ndani yake malaika wanashuka juu ya Mlima Hermoni, wanaoa binadamu na kuzaa majitu. Henoko anapaishwa mbinguni na kuonyeshwa njia za jua na mwezi, pamoja na kalenda ya mwaka wenye siku 364. Sehemu zake za kale zaidi hukadiriwa kuandikwa yapata karne ya tatu kabla ya Kristo. Marabi hawakukiingiza katika maandiko yao, na makanisa mengi yakakiacha. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia halikukiacha, wala Beta Israel, Wayahudi wa nchi hiyo.

Msafiri Mskoti James Bruce alirejea Ulaya mwaka 1773 akiwa na nakala tatu. Hata hivyo, wapo wasomi waliotilia shaka umri wake, kwa kuwa kilipatikana kizima kwa Kigeezi pekee, lugha ya ibada ya Ethiopia. Shaka hiyo ilipungua sana baada ya vipande vyake vya Kiaramu kuibuliwa katika pango la nne la Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1952. Ikabainika kwamba watawa wa Ethiopia walikuwa wamehifadhi kitabu halisi cha Wayahudi wa enzi za Hekalu la Pili.

Tafsiri ya Isaac kwa Kiingereza ilitoka mwaka 1983, katika mkusanyo mkubwa ulioratibiwa na James Charlesworth. Miaka mitano kabla yake, Mwingereza Michael Knibb alikuwa ametumia hati ya karne ya 18 iliyohifadhiwa Manchester. Isaac aliegemea hati ya karne ya 15 kutoka kisiwa cha Kebran, Ziwa Tana. Katika kazi ya namna hii tofauti ya karne tatu si jambo dogo, kwa kuwa kila mnakili mpya huweza kusahihisha pasipo na kosa.

Njia yake ya kitaaluma haikuwa nyoofu. Alikuwa profesa wa kwanza kuteuliwa katika idara ya masomo ya Waafrika na Wamarekani weusi ya Harvard ilipoanzishwa mwaka 1969, lakini katika miaka ya 1970 alinyimwa ajira ya kudumu. Alikishitaki chuo hicho kwa madai ya ubaguzi. Mwaka 1985 shauri hilo lilikuwa mbele ya Mahakama ya Rufaa mjini Boston, na hoja iliyojadiliwa zaidi ilikuwa muda wa kuwasilisha malalamiko. Mwaka huohuo alianzisha Taasisi ya Masomo ya Kisemiti huko Princeton.

Waethiopia wengi, hata hivyo, wanamfahamu zaidi kama mzee wa usuluhishi. Mwaka 1989, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, aliunda pamoja na wenzake kamati ya amani. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2005 uliofuatiwa na mauaji, viongozi wa upinzani walifungwa jela. Isaac na wazee wenzake wakawa wakienda na kurudi baina ya gereza na Waziri Mkuu Meles Zenawi. Julai 2007 viongozi 38 waliachiwa kwa msamaha, siku chache baada ya wengi wao kuhukumiwa kifungo cha maisha.

Mmoja wao, jaji wa zamani Birtukan Mideksa, alirudishwa gerezani Desemba 2008 kwa mzozo kuhusu namna msamaha huo ulivyoombwa. Alitoka Oktoba 2010.